Mjukuu Hataki Kufunga Mkanda

Mpendwa Bi Maimu, sijapata kuliandikia gazeti maishani mwangu ila kuwalalamikia watu wa umeme, lakini safari hii yamenifika shingoni na naomba unisaidie, maana mkwe wangu amenikataza kumpakia mjukuu wangu kwenye gari langu, mimi niliyeendesha miaka arobaini na miwili hapa kisiwani Hiiumaa, basi la shule nimeendesha, lori la maziwa nimeendesha, kwenye theluji ya magotini na ya kiunoni, na sijawahi kugonga hata sungura.

Mjukuu anaitwa Mirtel, ana miaka minane, anakaa ng'ambo Haapsalu na mama yake Kairi, na mwanangu Taavi kazi yake iko Finland, kwa hiyo tangu mtoto aanze shule likizo zake zote ni zangu, mimi ndiye ninayemfuata na mimi ndiye ninayemrudisha, na tangu bibi yake afariki nakwambia kweli hizo ndizo siku pekee ambazo nyumba yangu ina sauti ya mtu. Huyo Kairi ni mtu wa mji mkuu, Tallinn, na watu wa Tallinn unawajua, theluji ikianguka vidole viwili wanajifungia ndani na kupigiana simu.

Sasa kilichotokea ni hiki. Mwezi wa pili, likizo ilipokwisha, nilitakiwa kumrudisha Jumapili, na Jumamosi nikaenda dukani kununua mkate, nikawakuta akina Arvo wamekaa na kahawa yao, Arvo akaniuliza, "Kesho unavuka na nini, Heino?" nikamwambia na feri, wakacheka wote, akasema, "Feri? Na bahari imeganda hivi? Haya, kakae kule juu mgahawani na watalii, ule soseji." Nikamwambia barabara ya barafu juu ya bahari haijafunguliwa, akasema, "Kwani baba yako alikuwa anafunguliwa na nani?" Bi Maimu, wewe ni mtu wa kisiwani, unajua neno kama hilo halimezeki.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi tukashuka baharini, na nielewe vizuri hapa, kila kitu nilikifanya kama inavyopaswa, nilimfungua mtoto mkanda, nikashusha vioo, nikamwambia ashike kitasa cha mlango, akauliza, "Kwa nini, babu?" nikamjibu, "Ili tukizama utoke upesi," nikacheka ili asiogope, na mwendo nilikwenda chini ya kilomita ishirini na tano kwa saa, maana hata mtoto wa hapa anajua kwamba kati ya ishirini na tano na arobaini gari linasukuma wimbi chini ya barafu na wimbi hilo ndilo linaloipasua. Yale matawi ya mreteni ya kuonyesha njia yalikuwa yamechomekwa mpaka karibu nusu ya njia, yakaisha, nikaendelea kwa kukisia, na huko mbele upepo ulikuwa umerundika theluji, gari likakwama.

Kukwama si kosa la dereva, theluji ni theluji. Beleshi sikuwa nalo, sijawahi kulihitaji, kwa hiyo nikachimba kwa kile kibao cha plastiki ambacho Mirtel hutelezea mlimani, na kwa kuwa barafu ilikuwa inalia kidogo na maji yameanza kutokeza kwenye theluji nikamwambia mtoto aende akasimame mbali, hatua hamsini, asije mpaka nimwite, naye akasimama, hakulia hata kidogo, karibu nusu saa, hatimaye gari likatoka, nikampakia, tukafika ng'ambo, bandari ya Rohuküla, wazima, nikamnunulia jibini tamu ya chokoleti anayoipenda nikamwambia hii ni siri yetu, mama asisikie.

Na mtoto hakusema. Aliyesema ni binamu wa Kairi, aliyeliona gari langu likipanda kutoka baharini, na mwezi wa tatu mzima Kairi hakupokea simu yangu. Pasaka walikuja kwa feri, Taavi akaniomba nimpeleke Mirtel dukani, na hapo ndipo nilipoona jinsi watoto wanavyolelewa siku hizi, maana hataki kufunga mkanda, nikimfunga anafungua, anashusha kioo baridi yote inaingia, anang'ang'ania kitasa, na tuko kwenye lami, theluji imekwisha yeyuka, ananiuliza, "Babu, hapa chini maji ni mita ngapi?" Nikamkemea. Tuliporudi Kairi akasema hata kwenye gari lake ni hivyo hivyo, akanitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha ukaidi, akasema mtoto hapandi gari langu tena na kiangazi haji.

Nimwambie nini huyu mwanamke anielewe? Mtoto wake nilimfikisha salama.

Dereva wa Miaka Arobaini na Miwili, Emmaste

BI MAIMU ANAJIBU

Bwana Dereva, au niseme Heino, maana umelificha jina lako mwisho wa barua ukalisahau katikati. Naona hata bahari unaivuka hivyo hivyo.

Kwanza pole kwa kufiwa na mkeo. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, na ndilo neno la mwisho utakalolipenda kwenye jibu hili.

Ni kweli mimi ni mtu wa kisiwani. Marehemu mume wangu alikuwa mmoja wa wale wanaotoboa barafu na kuipima kabla njia haijafunguliwa, na kila mwaka alikuta huko alama za matairi za mwanamume mmoja aliyeshindwa kusubiri. Kwa hiyo usinieleze habari za neno lisilomezeka. Neno la Arvo ungelimeza na kahawa yake. Na huyo Arvo, Jumapili ile alivuka na nini? Naweka dau alikuwa kwake, miguu imeelekezwa kwenye moto wa jiko, anamenya viazi.

Unasema kila kitu ulikifanya kama inavyopaswa. Njia imefungwa, ukaingia. Matawi yamekwisha, ukaendelea. Una miaka arobaini na miwili ya theluji na beleshi huna. Yule mtu wa Tallinn unayemcheka analo kwenye buti la gari, tena na blanketi juu yake, kwa sababu anajua kwamba hajui. Na pale kwenye barafu, mahali ambapo hatusimamishi gari hata kwa kupiga chafya, wewe umesimama nusu saa unachimba kwa kichezeo cha mtoto. Sungura wako wote wazima, hongera. Samaki nao walikuwa wanakungoja.

Ungekuwa peke yako ningekucheka nikafunga barua. Ila kuna jambo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona, kwa hiyo nitakusomea polepole.

Ulimwambia mtoto wa miaka minane kwamba kwenye gari la babu mkanda unafunguliwa, kioo kinashushwa, kitasa kinashikwa, ili tukizama atoke upesi. Kisha ukamwonyesha kwamba hukuwa unatania. Ukamsimamisha peke yake juu ya bahari, nusu saa, aone kama babu anakwenda chini au anabaki. Kisha ukamziba mdomo kwa jibini. Leo mtoto huyo anafungua mkanda, anashusha kioo, anashika kitasa, na wewe unauliza kalelewa na nani. Kalelewa na wewe, Heino, na mtiifu kama huyo hutampata kisiwani kote. Anafanya ulichomwagiza, na hakuna aliyemwambia kwamba agizo limekwisha. Ukamkemea kwa hilo. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikatoka nje kupunga upepo.

Unataka maneno ya kumfanya Kairi akuelewe. Kairi amekwisha kukuelewa, hilo ndilo tatizo lako. Kaa na hasira yake, ni haki yake.

Sasa fanya hivi. Kesho nunua beleshi. Najua ni Aprili. Litie kwenye buti ulione kila unapopakia mkate wako. Kisha panda feri kwa miguu, gari liache uani, na umpelekee Kairi ujumbe kabla ya kuondoka, kwamba unakuja kuomba radhi na hutaki ufunguo wa gari la mtu. Humo ndani ya feri panda juu mgahawani, kaa na watalii, ule soseji. Haijaua mtu.

Ukifika, chuchumaa mbele ya Mirtel na umwambie, mama yake akisikia, kwamba njia ilikuwa imefungwa, babu alijua, babu akaenda, na babu alikosea. Mwambie ile siri imekwisha na anaweza kumsimulia yeyote anayemtaka. Neno "lakini" usilitie mahali popote. Likikuponyoka, rudi na feri ya jioni, ukafanye mazoezi mbele ya kioo, uje tena wiki ijayo.

Kairi akikuruhusu, ingia kwenye gari lake, kiti cha nyuma, kando ya mtoto, yeye ndiye aendeshe. Funga mkanda wako kwanza, mtoto akuone, maana nawajua wanaume wa Emmaste. Akiuliza maji yako mita ngapi, mjibu kwamba hapa chini ni udongo, na chini ya udongo ni mawe. Atauliza tena kwenye kona inayofuata. Mjibu tena, kwa sauti ile ile, na mwezi ujao vilevile, bila kuguna. Habari ya kiangazi usiitaje. Mama yake akiona mtoto amefunga mkanda bila kuambiwa, ataitaja mwenyewe.

Umemaliza barua yako kwa kusema kwamba ulimfikisha salama. Aliyefika ni wewe na gari lako. Mirtel bado amesimama kule, hatua hamsini kutoka ulipokwama, hasogei, kwa sababu ulimwambia asije mpaka umwite. Mwite.