Wifi wa Kaskazini Ameniibia Mama

Mpendwa Bibi Ottoline, naomba msaada kabla sijafanya jambo la aibu, maana usingizi umenikimbia. Mimi ni mzaliwa wa hapa Alabama, kusini mwa Marekani, mama yangu Verlene alinilea kwenye baraza lile lile analokalia hadi leo, nikaenda Atlanta kusomea uandishi, nikarudi na hadithi zangu, mara kaka yangu Royce akaoa mwanamke wa Minnesota, huko kaskazini, anaitwa Greta, mtu asiyejua hata kukaanga kuku, na huyo Greta naye akaanza kuandika, na anamwandika nani? Mama yangu.

Mwezi uliopita tulisoma hadithi zetu kwenye maktaba ya mji, nikatangulia mimi, na yangu nilikuwa nimeijaza lafudhi ya kwetu kila mstari, maneno nimeyakata mikia ili watu waisikie Kusini yenyewe, basi nilipomaliza mama akamuuliza jirani yake, na wote tukasikia, "Huyo mwanamke mjinga kwenye hadithi ni nani?" Akasimama Greta, hakukata neno hata moja, akafika pale mama anaposema, "Mchungaji wetu, Mungu ambariki, akianza kuombea chakula, kuku anapata muda wa kufufuka," ukumbi ukaangua kicheko, mama akafuta machozi akasema, "Huyo mimi. Mimi kabisa." Bibi, nilitamani ardhi inimeze, ila immeze Greta kwanza.

Sasa mama amemwomba Greta, si mimi, asome maneno ya kumkumbuka marehemu baba kwenye Jumapili ya marejeo, waliohama wote wakirudi kanisani, na nimepanga kumwambia mama kwamba Greta anamcheka kwa rafiki zake wa kaskazini, si kweli lakini ataamini. Baba alikuwa wangu. Nifanyeje?

Mwenye Donge

Mwenye Donge,

Pole. Kunyimwa nafasi ya kumsemea baba yako mwenyewe kunauma, na sitakudanganya kwamba hakuumi. Lakini huo uongo umeze. Mama yako akiamini anachekwa atafunga mdomo, na akiufunga hutamsikia hata wewe.

Unasema umeibiwa. Greta maneno ya kuku aliyapata wapi? Barazani, bila shaka, akimenya kunde na mama yako, katulia. Wewe nakujua bila kukuona: ukifika unamsahihisha, "Mama, haisemwi hivyo," kisha unakimbilia mezani kuandika kile kile ulichomkataza. Ulimwandika huku unamwonea haya, na yeye kaisikia hiyo haya. Watu wa kwetu Kusini, binti, tunamsifu mtu kwanza ndipo tumchinje, na Mungu tunamtaja katikati ya kusengenya. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, na mgeni kakutangulia kuyasikia.

Jumamosi nenda kwa mama yako. Kalamu iache nyumbani, chukua bakuli, menya kunde. Asahihishwe na Mungu, si wewe. Muulize baba yako alimtongozaje, kisha nyamaza, hata akirudia kisa mara tatu. Utakachosikia mpelekee Greta mwenyewe akisome kanisani, nawe ukae benchi la mbele. Utaumia; umia kimya.

Mama yako ni mzee. Siku sauti yake ikikoma nawe hujamsikiliza, Greta atabaki na hadithi za mama yako, na wewe utabaki na hadithi za Greta.

Bibi Ottoline