Samweli Hapendi Kuharakishwa

Kijiji cha Ujamaa,
Mamboya,
Wilaya ya Kilosa.
22 Juni 1975.

Mpendwa Kaka Gabrieli,

Shikamoo. Hujambo huko Mwanza? Kile kikohozi cha vumbi la pamba kimekuacha? Sisi tu wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi tu. Jua likiwaka anatembea vizuri. Mahindi yamekubali mwaka huu, na maharage ndiyo tunayapura sasa.

Uliuliza habari za mpwa wako Samweli. Meno ya mbele yameota na anatambaa mpaka jikoni. Ila alitupa kazi kubwa, na sasa nina moyo wa kukusimulia.

Tangu tuhamie hapa, akina mama tukienda shamba la kijiji tunawaacha watoto kwenye nyumba ya watoto. Anayewatunza ni Mama Hildegarda, mjane kutoka Berega. Fausta, binti wa jirani yangu Bibiana, hubebwa na yeyote akacheka. Samweli wangu akiangaliwa tu na mgeni, anaficha uso kifuani kwangu. Akibebwa, analia mpaka sauti inakauka. Ikabidi nibaki naye, na wenzangu wakaanza kunung'unika kwamba natumia mtoto kutegea kazi.

Siku moja Bibiana akaniambia mbele ya watu, "Paulina, mtoto huyu ana kasoro. Au wewe ndiye uliyemdekeza." Kaka, nilirudi nyumbani nikalia. Shemeji yako Tomasi alitaka niende kwa mwenyekiti nikaombe kupumzishwa shamba, lakini niliona aibu. Sisi bado wageni hapa, nikaogopa tusije tukatengwa.

Mama ndiye aliyenituliza. "Kasoro gani? Amefuata mjomba wake. Gabrieli alimkataa baba yenu mkubwa mpaka alipoanza kusimama, na leo si fundi wa mitambo?" Hilo sikulijua kabisa! Nilicheka machozi yakiwa bado usoni.

Kesho yake nikamweleza Mama Hildegarda. Hata hakunyoosha mikono kumpokea mtoto. Alisema tu, "Kaa naye hapo mkekani. Mimi nina maharage yangu." Akatugeuzia ubavu, akaambua maharage huku akiimba kwa sauti ya chini. Samweli akawa anamchungulia kutoka nyuma ya mgongo wangu. Tukafanya hivyo siku kadhaa, nami nikisogea mbali kidogo kidogo. Mwishowe akatambaa mwenyewe, akashika upindo wa khanga yake. Mama Hildegarda akampa ganda la maharage achezee, akaendelea na kazi.

"Huyu si mwoga," akaniambia. "Anataka kumjua mtu kwanza."

Siku hizi namwacha. Hulia kidogo nikiondoka, kisha hutulia. Bado hamchangamkii kila mtu, wala sitamlazimisha. Bibiana naye ameacha maneno. Juzi aliniletea mchicha, nikaupokea, tukaongea habari za mvua.

Juma lililopita ilihamia familia kutoka bondeni, wana mtoto anayeitwa Letisia. Mama yake alipotoka tu, mtoto akaangua kilio. Fausta akamwendea mbio kwa magoti, akamvuta nywele kwa furaha, na kilio kikazidi. Mimi nilikuwa mlangoni, jembe begani. Samweli alimtazama yule mgeni kwa muda mrefu. Kisha akatambaa, akaketi kando yake bila kumgusa, akatoa mdomoni kipande cha boga alichokuwa anatafuna, akamnyooshea. Letisia akakiangalia. Akakipokea, akakitia mdomoni, kilio kikakatika.

Kaka, siku hiyo nilichelewa shambani, na sikumwomba mtu radhi.

Tomasi anakusalimu sana, na Mama anakutumia baraka zake. Msalimie wifi Elizabeti na watoto, wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akufunike kazini, na akujalie usingizi mwema baada ya kazi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Paulina