Herufi za Ukutani kwa Daktari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi tuko, ila miguu yangu imevimba kwa kukaa kwenye mabenchi ya hospitali. Nadhani umeshasikia redioni kwamba mwanao ndiye bingwa wa kimataifa wa ngumi na mateke, uzito wa kati. Mkanda ni mzito, unang'aa. Nimeuweka juu ya kabati usije ukakwaruzwa.

Sasa kaa chini kwanza. Tangu nusu fainali jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Kabla daktari wa mashindano hajampima macho, mimi mjomba mtu nilinakili herufi za ule ubao wake wa ukutani, nikamkaririsha asubuhi nzima kama mtoto wa chekechea. Akazitaja zote bila kukosea. Tulitoka pale tukicheka mpaka tukashika mbavu.

Kwenye fainali, raundi ya mwisho, teke likampata jicho la kulia.

Madaktari wanasema tusubiri. Yeye anasema, "Mjomba, usimwambie mama."

Ukijibu, nitukane upendavyo. Hatajua. Barua zako sasa namsomea mimi.

Nduguyo,
uliyemkabidhi mtoto