Mwoneshe Kwanza

Mbeya, 4 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepata nafuu na Mama hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenibana kifua kidogo.

Nimepata kazi, Baba. Bwana Sosthenes, mhariri wa kitabu kuhusu wafugaji wa Usangu, anataka nimpigie picha zote, tena kwa filamu, siyo dijitali. Anasema picha za filamu zina uzito kitabuni. Mimi nina sababu yangu. Mwaka jana gazeti moja liliichezea kwenye kompyuta picha yangu ya Makongolosi mpaka wachimbaji wenyewe hawakujitambua. Negativu ya filamu haichezewi. Naomba ile kamera yako ya kabatini. Ukininyima nitaazima ya mpiga picha mwenzangu Filemoni, na nitakwenda tu.

Mwanao,
Nusrat

Mlandege, Iringa, 9 Juni 2024

Mwanangu Nusrat,

Assalamu alaykum. Goti ni lile lile. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula au unakunywa chai tu.

Kamera sikupi. Nani kakudanganya kwamba negativu haichezewi? Nimezichezea miaka thelathini hapa studio kwangu, kwa penseli na wembe. Nimefuta makovu ya mabwana harusi, na shemeji mmoja mzima.

Sababu yangu ni nyingine. Mwaka 1998 gazeti lilinituma Igawa. Nilimpiga picha mama mmoja mfugaji, amevaa kanga mpya, anacheka. Filamu ikaenda Dar es Salaam kabla sijaisafisha. Picha ikatoka, na chini yake maneno kwamba watu wa aina yake ndio wanaoukausha mto kwa mifugo yao. Yule mama alikuja mpaka studio na gazeti mkononi, akaniuliza, "Ulijua?" Nikamjibu kwamba hata picha yenyewe sikuwa nimeiona. Ilikuwa kweli, na mpaka leo naona aibu.

Nenda na dijitali. Mtu aione sura yake kabla hujaondoka.

Baba yako,
Shamsudin

Mbeya, 2 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Kifua kimepona. Mama mwambie nakula.

Nilikwenda na kamera ya Filemoni. Najua utakasirika, kasirika tu. Karibu na Igawa nilimkuta mama anaitwa Mbuke, ameinama dimbwini anachota maji ya matope pamoja na ng'ombe wake. Nikapiga filamu nzima. Alipomaliza akaomba kuziona. Nikamwambia asubiri wiki mbili zikasafishwe. Akasema, "Kwa hiyo wataniona wao kwanza, mimi nijione kitabuni? Hizo usizipeleke."

Nilisimama pale, nimechukia. Nilikuchukia na wewe, kwa kuwa ulikuwa umeshaniambia. Kisha nikafungua mgongo wa kamera nikaivuta filamu yote juani, mbele yake. Picha thelathini na sita, zote zikaungua.

Nikatoa ile ya dijitali. Tukakaa tunaangalia moja moja, akanifutisha kumi na moja. Aliyoikubali amekaa juu ya magunia yake ya mpunga, kidevu juu, anatazama kamera kama anayesubiri uombe radhi.

Bwana Sosthenes ameikataa. Anasema haioneshi taabu ya wafugaji, nirudi na filamu nimvizie mama mwingine dimbwini. Nimemwambia ni hiyo au jina langu lisiwemo. Jana amempa kazi mtu mwingine. Nimelia, Baba, lakini sirudi kumbembeleza.

Mwanao,
Nusrat

Mlandege, 6 Julai 2024

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Hapa wote wazima, na leo sitaki kuzungumzia goti.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikafunga studio mapema. Umekosa kazi, na sitakudanganya kwamba nyingine ipo njiani. Lakini kama huyo bwana anatafuta taabu, mwambie aje anipige picha mimi, taabu ninayo: nina binti mkaidi.

Nimelisafisha dirisha la mbele la studio. Lete picha ya Mbuke tuichape kubwa, ijae kioo chote, na chini yake jina lake na lako. Mlandege nzima ipite hapo imtazame.

Ila nenda Igawa ukamuulize kwanza. Akikataa, dirisha litabaki tupu.

Baba yako,
Shamsudin