Neno Moja la Aabo Katikati ya Filamu

Ijumaa, Garissa. Jua limeshuka lakini ukuta wa chumba changu bado ni wa moto ukiugusa. Asubuhi mawingu yalijikusanya upande wa mto, tukadhani leo itanyesha. Hadi adhuhuri yalikuwa yameshatawanyika.

Nimekaa kitandani na simu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachofundisha shuleni, na pia kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mwingine anayekisoma kwa raha. Hapa naweza kusema nimechoka bila mtu kuniambia niongeze dua.

Nimechoka.

Wanaosoma blogu hii mara kwa mara wanajua kwamba baba yangu, Aabo, alipatwa na kiharusi mwaka jana kabla ya Ramadhani. Mkono na mguu wa kulia vililala. Mguu umerudi kidogo, anauburuta akishikwa. Kilichokataa kurudi ni maneno. Ukimwita anageuka, ukimletea chai anaipokea kwa mkono wa kushoto, lakini kutoka kinywani hutoka sauti moja tu, nzito, kama ya mtu anayesafisha koo.

Kwa mzee mwingine pengine ingevumilika. Aabo aliishi kwa mdomo wake.

Nilipokuwa mdogo alikuwa na ukumbi wa video hapa mjini, nyuma ya soko. "Fidio", ndivyo wateja walivyotamka. Mabati juu, mabenchi ya wanaume, mkeka wa wanawake nyuma ya pazia, televisheni moja na deki ya kanda. Filamu zilikuwa za Kihindi na hakuna aliyejua Kihindi. Basi Aabo alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea waigizaji wote kwa Kisomali: bibi harusi, tajiri, polisi, bibi kizee anayelia. Kihindi chenyewe alikiokota kwa wenye maduka alipokuwa kijana Mombasa, na pale kilipomwishia alijaza mwenyewe. Mfanyabiashara wa mjini akawa mwenye ngamia. Binti akikataa kuolewa, Aabo alimpa maneno makali kuliko aliyokuwa nayo kwenye filamu, na wanawake nyuma ya pazia walipiga vigelegele.

Nyimbo hakuzigusa. Wimbo ukianza alishusha kipaza sauti na kuimba pamoja nao, Kihindi chake hicho hicho cha kuokota.

Miezi mingine alipakia televisheni na jenereta kwenye lori akaenda nazo hadi Masalani. Mara moja alisimama Kotile, na huko mfugaji mmoja mzee, baada ya kuona watu wakicheza kwenye mvua, alimuuliza nchi ile iko umbali gani kwa mtu anayeswaga ng'ombe. Aabo alisema hakujua ajibu nini, kwa hiyo alimrudishia wimbo ule autazame tena.

Kati ya filamu zote kulikuwa na moja iliyowaleta watu tena na tena. Binti wa mfyatua matofali anaimba huku amebeba matofali kichwani, na mwalimu wa muziki anamsikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Wanatenganishwa na baba wa kijana, wanatafutana miaka, wanapatana sokoni kwa sauti tu kabla hawajaonana kwa macho. Kisha harusi, taa mia ukutani, wimbo mrefu kuliko zote. Wimbo ukiisha, Aabo alizima mashine na kusema kwa kipaza sauti kwamba walijenga nyumba karibu na mto, wakapata watoto, na Mungu akawapa umri. Watu wakavaa viatu vyao.

Mama yangu alifariki akimzaa mdogo wangu, Liban. Sikuwa nimeanza shule. Mtoto alichukuliwa na Eeddo Fadumo, dada yake Aabo, anayeishi nasi hadi leo. Mimi nilikataa kubaki kwa mtu yeyote, nikalia mpaka Aabo akanichukua kazini. Nilikaa kwenye kigoda kando ya deki, karibu na miguu yake. Filamu ile nimeiona mara nyingi kuliko nilivyorudia somo lolote. Kanda ilikuwa imechakaa, na mistari myeupe ilishuka kwenye kioo muda wote, nikaamini kwamba katika nchi ile mvua haikatiki.

Ukumbi ulifungwa kila nyumba ilipopata televisheni yake. Kanda ziliharibika kwa joto kwenye stoo. Hakuna aliyewahi kufikiria kumrekodi Aabo. Nani anarekodi sauti anayoisikia kila siku?

Mwezi uliopita tulimpeleka Nairobi kwa mtaalamu anayewafundisha wagonjwa wa kiharusi kusema tena. Akatueleza kwamba wapo waliopoteza maneno yote lakini bado wanaweza kuimba, na kwamba wimbo wa zamani wakati mwingine huvuta neno nyuma yake. Akauliza mzee alipenda nyimbo gani. Mimi na Liban tulitazamana kwenye simu, yeye akiwa Sharjah kazini, na sote tukataja filamu ile ile.

Liban aliisaka. Kumbe imetolewa upya, toleo maalumu la kuweka nyumbani: boksi gumu lenye picha ya binti na matofali yake, diski mbili, kijitabu cha picha, mahojiano na mwigizaji ambaye sasa ni bibi. Nyuma wameandika kwamba picha imesafishwa na sauti imerudishwa kama ilivyokuwa mwanzo. Ililetwa na jirani yetu anayefanya kazi huko, aliyekuja likizo. Nimekaa nayo wiki nzima bila kuifungua, kama mtu aliyeficha dawa ya mwisho.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nilimkalisha Aabo kwenye godoro sebuleni na mito mgongoni. Eeddo alinung'unika kwamba filamu siku ya Ijumaa si jambo jema, akajitanda shela lake akaenda kwa jirani kumwona mzazi aliyejifungua juzi. Stima ilikuwepo. Nikaweka diski.

Mvua haikuwepo. Hicho ndicho kilichonishtua kwanza. Anga lilikuwa safi kabisa, la buluu, na vazi la binti nililolijua miaka yote kuwa la kijivu lilikuwa jekundu. Niliona hata vumbi la matofali kwenye kope zake. Kila mtu alisema kwa sauti yake mwenyewe, Kihindi kitupu, na maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Nilijikuta nasubiri Aabo aanze. Binti akifungua kinywa, nasubiri sauti ya baba yangu. Filamu ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuiona na ilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Nilimtazama yeye zaidi ya nilivyotazama kioo. Wimbo wa kwanza, hakuna kitu. Wimbo wa pili, midomo ikaanza kusogea. Kwenye ule wa sokoni, wanapopatana, kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa kinapiga mdundo chini ya shuka. Nilijiziba kinywa nisimshtue.

Wimbo wa harusi ulipoanza, Aabo aliimba.

Hayakuwa maneno. Ilikuwa sauti tu, ya chini, imepinda upande mmoja kama uso wake, lakini ilipanda pale wimbo ulipopanda na ikashuka pale uliposhuka. Machozi yalinitoka. Nilichukua simu nikaanza kumrekodi kwa ajili ya Liban.

Taa zikazimika moja moja kwenye filamu. Wimbo ukaisha. Picha ikaendelea, chumba kingine, usiku, sehemu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Nilifikiri ni zile sehemu walizoongeza kwenye toleo hili, na sikuijali, kwa sababu wakati huo Aabo aliinua mkono wake wa kushoto kuelekea televisheni na kusema:

"Maya."

Maya ni hapana. Kila mtoto wa Kisomali huanza na hilo. Lilikuwa neno zima, safi, lenye mwanzo na mwisho. Nilipiga magoti, nikambusu mkono. Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia, "Sema tena, Aabo, sema tena."

"Maya," akasema. "Maya."

Nikachukua rimoti nikaongeza sauti.

Nilidhani muziki ndio unaomvuta. Nilidhani nikiongeza, neno lingine litakuja nyuma ya hilo, na lingine, kama alivyosema yule mtaalamu. Alikuwa akininyooshea mkono, nami nikadhani anataka kunishika, nikamshika. Aliendelea kusema, nami niliendelea kumshangilia, simu mkononi. Sikutazama kioo hata mara moja.

Eeddo Fadumo ndiye aliyeingia mlangoni na kutazama. Alivuka mkeka na viatu vyake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akang'oa waya ukutani.

Aliniuliza, polepole, "Nani alikuambia uiache ifike huku?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekisikia mgongoni mwangu muda wote ule. Mwanamke akilia kwa uchungu wa kuzaa. Kisha wimbo wake wa matofali, dhaifu, kutoka kitandani, ukakatika katikati. Kisha mtoto.

Eeddo alinieleza jikoni, tukiwa tumesimama. Filamu ile haikuishia kwenye harusi hata siku moja. Binti anakufa akijifungua, na mwalimu wa muziki anafika na mkunga akiwa ameshachelewa. Zamani Aabo aliionyesha yote, na ukumbi mzima ulilia, na watu walilipa kuja kulia tena. Alianza kuizima baada ya mama yangu kufariki. Wateja waliokuwa wakiijua walilalamika mwanzoni. Aliwaambia kanda imekatika.

"Hakuizima kwa ajili yao," Eeddo akasema. "Wewe ulikuwa umekaa pale chini."

Nilirudi sebuleni. Aabo alikuwa amegeuza uso ukutani. Nilikaa karibu naye, nikamwomba radhi kwa Kisomali, polepole, nikarudia. Sijui ni kiasi gani kiliingia. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, nikaushika, hakuuvuta wala hakunishika. Alasiri alikataa chai. Kwa chakula amefumba midomo. Hata ile sauti ya kusafisha koo imeacha kutoka.

Najaribu kufikiria alivyoona yeye. Miaka yote ile aliniwekea mlango ule umefungwa, kwa kidole kimoja juu ya deki, halafu leo mimi mwenyewe nimeufungua, nikamkalisha mbele yake na mito mgongoni. Na alikuwa na neno moja tu la kunizuia. Alilitafuta mahali ambapo maneno yote yamekufa, akalipata, akanipa.

Mimi nikaongeza sauti.

Watu watasema ni bahati mbaya, hukujua. Eeddo ameshasema hivyo. Ni kweli, sikujua. Haisaidii. Mtu ambaye ndiye aliyenifundisha kusikiliza alikuwa akisema lugha niliyozaliwa nayo, na sikumsikia kwa sababu nilikuwa na furaha.

Liban alipiga simu jioni. Jirani alikuwa ameshamtumia ujumbe kwamba nimesikika nikicheka na kumwambia Aabo aseme tena. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, Aabo ametamka neno. Nikamsikia analia mbele ya wenzake kazini. Akauliza neno gani. Nikamwambia. Akacheka katikati ya kilio, akasema hapana ni neno zuri la kuanzia, kwamba Aabo siku zote alikuwa mkaidi, kwamba Alhamdulillah, dawa imepatikana, nimwekee tena kesho.

Sikuweza. Yeye ndiye aliyezaliwa siku aliyofariki mama. Ningemwambiaje ni nini Aabo alikuwa anakikataa?

Nilimwambia mzee amechoka, tutampumzisha kwanza.

Boksi nimelifunga kwenye mfuko nikaliweka juu ya kabati, ingawa najua kuliweka mbali hakurudishi kitu. Kesho nitampelekea chai kabla jua halijawa kali, nitamtoa nje kivulini, na sitamwomba aseme lolote. Sitamwimbia. Nitakaa tu. Hilo naliweza, nadhani.

Lakini Liban amesema kama nilirekodi nimtumie, hata sekunde chache, asikie mwenyewe. Amenikumbusha mara mbili tangu magharibi. Rekodi ninayo hapa, kwenye simu hii ninayoandikia. Nimeifungua mara moja, bila sauti. Uso wa Aabo, mkono wake umeinuliwa, na kivuli changu mimi kikirukaruka ukutani kwa furaha.

Sauti zote alizowahi kutusemea zimekwisha, na hakuna aliyezihifadhi. Iliyobaki ni hii moja, na ndani yake ananiomba nizime.

Nikiifuta, nitabaki na nini chake? Na nikiiacha, nitawezaje kuisikiliza?