Kombe la Wifi Yangu

“Picha ni picha tu. Nani aliibofya, hakuna anayejali.”

Maneno haya si yangu, na ningeona haya kuyatamka. Ni ya mume wa mwanamke aliyeniandikia barua iliyo hapa chini. Nimeyaweka juu kabisa ili kila msomaji ayatazame vizuri kabla sijayavunjavunja. Kwanza isomeni barua yenyewe. Nimeiacha kama ilivyokuja, na mwandishi wake si mtu wa kuweka nukta ovyo.

*

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa nipokee hivyo hivyo, nahitaji msaada wako na sina mwingine wa kumwuliza kwa sababu wote ninaowaamini wamo ndani ya jambo lenyewe. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na kwa miaka ishirini na minane nimekuwa mwanachama wa chama cha wapiga picha wa kujifurahisha, si wale wa harusi na pasipoti, sisi ni watu wa kawaida tuliokuwa tukikutana Jumamosi alasiri ghorofani juu ya duka la magodoro, tunabandika picha zetu ukutani na kukosoana kwa adabu mpaka mtu analia.

Aliyenipeleka huko ni wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi cherehani, ambaye nilipoolewa ndiye pekee katika familia ile aliyenichekea siku ya kwanza, akaniambia, “Wifi, wewe unajua madawa, mimi nina kamera, twende tukawasumbue wale wanaume,” nasi tukaenda tukawasumbua. Ungewaona, mshauri. Walikuwapo watu wa ndege ambao hawakuongea na mtu yeyote asiyekuwa na lenzi ndefu, walikuwapo watu wa wadudu waliokuja na magoti yenye matope, na mzee mmoja mpimaji ardhi alipiga milango tu, milango iliyofungwa, miaka yote milango, tukamwita Bwana Hodi. Mimi na wifi tulipiga watu, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na filamu tulisafisha wenyewe katika stoo iliyokuwa chini ya ngazi, taa moja nyekundu, harufu ya siki, tumebanana mabega kwa mabega tukitikisa trei, na uso unapoanza kujitokeza kwenye karatasi wifi ananong’ona, “Karibu, karibu, pita ndani,” kama anayepokea mgeni. Mpaka leo nikifungua chupa ya siki jikoni nasimama kidogo.

Kamera ya wifi iliwahi kuanguka kwenye sakafu ya saruji dukani kwake, ikamegeka ndani, pale filamu inapopita, na tangu hapo kila picha yake ikawa na kipengo kidogo ukingoni upande wa chini, ndiyo maana tukaiita Mapengo. Kwenye karatasi hukioni, mashine ya kukuzia inafunika kingo, unakiona kwenye negativu peke yake, yaani ile filamu yenyewe iliyosafishwa.

Sasa sikiliza. Ilikuwa wiki ya shindano la kombe, tukamfuata baba mkwe kwa kinyozi, nikibofya naye anabofya, tunashindana picha kwa picha, na kinyozi akasema, “Mzee, tulia, nikikukata sikio utasikilizaje redio?” Baba hakufungua hata jicho, akajibu, “Lipo la pili.” Kinyozi akacheka mpaka akainua wembe juu asije akamkata kweli. Siku ile ile tulisafisha filamu zetu mbili katika kopo moja, tukazianika kwenye kamba moja kwa vibanio vya nguo, mwenye jengo akawa anagonga anataka kufunga, nikazikata mimi mwenyewe haraka haraka vipande vya picha sita sita, wifi akashika bahasha nami nikajaza, yake na yangu.

Picha niliyoipeleka ilikuwa baba mkwe amefumba macho, midomo imebana kicheko, na kwenye kioo kinyozi na wembe wake hewani. Wifi alipeleka kisogo cha baba na mgongo wa kinyozi, akasema ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Picha hazina majina siku ya shindano, zina namba tu nyuma. Jaji, mzee aliyewahi kupigia magazeti picha, alisimama mbele ya ile niliyoipeleka akavua kofia, na kombe likaja kwangu. Kwa ile ya wifi alisema, “Aliyepiga hii alikuwepo pale, lakini hakuona.” Watu wakacheka, na wifi akacheka nao. Alikuja Jumamosi tatu zaidi, halafu akawa ananiambia, “Wifi, nenda, leo nguo za watu zimenikalia shingoni,” halafu nikaacha kumpitia. Mapengo akamfunga kwenye kanga akamweka kabatini, hajamtoa miaka ishirini na sita.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Picha ile iko sebuleni kwetu juu ya redio yake, sahihi yangu pembeni, na kila familia ikikutana wifi huwasimamisha watoto wake mbele yake, anawaambia, “Muoneni babu yenu alivyoonwa na mke wa mjomba wenu. Mimi binti yake wa kumzaa nilisimama hapo hapo, nikatoka na kisogo.” Watoto wanacheka. Mimi hukaa nikiona fahari, na sitakuficha, mara moja moja nilijiuliza mbona nakumbuka nilisimama mlangoni siku ile, na picha imepigwa kutoka karibu na kioo, nikajijibu kwamba bila shaka nilisogea.

Mwezi uliopita katibu wetu alinipigia simu, chama kinatimiza miaka arobaini, wanataka kuikuza ile picha iwe kubwa kama mlango. “Mwalimu, hiyo ndiyo itakayowapokea wageni,” akasema, na wifi yangu ndiye atakayekata utepe kwa kuwa ni binti wa mzee wa kwenye picha. Nikatoa negativu, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha nichague kipande. Namba kumi na tatu hadi kumi na nane ni safi. Ishirini na tano hadi thelathini ni safi. Kumi na tisa hadi ishirini na nne, ambamo baba mkwe amefumba macho, kila moja ina pengo. Niliketi sakafuni, mshauri.

Mume wangu ameniambia ninyamaze, dada yake ameshasahau, picha ni picha tu. Maonyesho ni Jumamosi ijayo na wifi ameshajishonea gauni la kukatia utepe. Nikimwambia, namwonyesha miaka yote aliyoikosa, je, si ukatili? Nisipomwambia, nitasimama naye mlangoni watu wanipigie makofi. Nakuandikia bila hofu kwa kuwa wifi halisomi gazeti lenu, hulichukua kwa ajili ya kukatia vipimo vya magauni. Nifanye nini?

Mimi, mwenye kombe.

*

Mwenye kombe? Tutaona.

Mwalimu, nakupa pole, na ninaitoa kwa moyo, kwa sababu hukufanya hila. Mwenye jengo anagonga, mikono ina maji, filamu mbili kwenye kamba moja: yeyote angekosea. Miaka ishirini na sita umekaa na kitu cha mwenzako bila kujua, na kutokujua si wizi. Wizi utaanza Jumamosi, utepe utakapokatwa.

Sasa nimgeukie mumeo. Bwana, kama hakuna anayejali nani aliibofya, sahihi ya mkeo inafanya nini kwenye picha ya baba yako? Kombe lilitolewa la nini? Na chama kizima cha watu wazima, na magoti yao yenye matope, kilificha majina nyuma ya namba kwa sababu gani, kama si kwa sababu jina lilikuwa na uzito kiasi cha kuweza kumpotosha jaji? Unasema dada yako amesahau. Mtu aliyesahau hawasimamishi wanawe mbele ya ukuta kila mkutano na kujikejeli kwa maneno yale yale. Huyo anakumbuka kila siku, na amejifunza kuisema aibu yake yeye mwenyewe kabla hajasemewa. Nyumba nzima mmekuwa mkimcheka, nawe umekuwa ukidhani ni mzaha.

Nirudi kwako, Mwalimu. Ile stoo ya chini ya ngazi imenigusa. Kaka yangu alikuwa na chumba kama hicho, bafu lililozibwa dirisha kwa blanketi, na ningetoa mengi nisimame humo tena dakika tano nione nyusi za mtu zikijitokeza kwenye karatasi tupu. Lakini utamu huo wote umeumimina kwenye barua ili dawa ipite kooni bila kuonjwa. Hukuitaja. Nitaitaja mimi.

Kipande cha wifi yako kimo katika bahasha yako. Chako kilikwenda wapi? Mwalimu wa kemia hahitaji kufundishwa kwamba kitu hakipotei, huhama tu. Wewe ulisimama mlangoni. Kutoka mlangoni mtu huona kisogo cha mzee na mgongo wa kinyozi. Ile picha aliyoipeleka wifi yako, iliyochekwa na ukumbi mzima, ilikuwa yako. Aliyekuwepo pale na hakuona ni wewe. Na hukusogea.

Naamini ulilijua hili ukiwa pale sakafuni. Huogopi kumwumiza wifi yako. Ameshaumia, na alichomwa kwa sindano iliyokuwa yako. Unaogopa kwamba ukirudisha kombe hutabakiwa na kitu. Acha woga huo. Una miaka ishirini na minane ya picha nyingine zisizo na pengo, nenda kazihesabu. Siku moja hukuona. Hata Bwana Hodi, nina hakika, aliwahi kupiga mlango mbaya. Wifi yako kwa siku moja hiyo hiyo aliambiwa ni kipofu, akaamini, akamfunga Mapengo kwenye kanga. Wewe unauliza kama kumwambia ni ukatili! Mwanamke amekwenda robo karne akidhani alimtazama baba yake asimwone. Mpe baba yake.

Utafanya hivi. Nenda dukani kwake leo hii, adhuhuri, wateja wanapopungua. Beba kile kipande cha negativu, kioo cha kukuzia, na kombe kwenye kikapu. Usilie mlangoni, wala usianze na “nisamehe wifi,” kwa maana ukianza hivyo ataacha cherehani aje akubembeleze wewe, na kubembelezwa si zamu yako. Mwambie amtoe Mapengo kabatini. Mfungue mbele yake, mwonyeshe pale palipomegeka, kisha mpe kipande na kioo, mkae dirishani, na wewe unyamaze. Ataona mwenyewe. Halafu mwombe bahasha yake ya siku ile, na humo mtafute kipande kisicho na pengo. Kishike mkononi na useme kwa kinywa chako, “Hiki ndicho changu.” Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Akikufukuza, toka, kombe libaki. Usimwambie naye ataweza kuanza upya. Hilo ni lake kuamua na wewe si msemaji wake.

Katibu wa chama, utachapa kibandiko kipya chenye jina la fundi cherehani, na kama wanawake hawa wawili watakubali, utazitundika picha zote mbili mlangoni, macho na kisogo, kila moja na jina la mwenyewe. Jaji wenu hakukosea hata neno. Aliyasema kwa mtu asiyehusika, basi, na ninyi mliocheka siku ile mnadaiwa makofi ya miaka ishirini na sita. Muanze kuyalipa Jumamosi.

Wewe bwana, iteremshe picha hiyo iliyo juu ya redio kwa mikono yako, ufungue fremu, na umpelekee dada yako kalamu.

Nawe Mwalimu, unasema umeandika bila hofu kwa kuwa gazeti hili kwake ni la kukatia magauni. Limetoka asubuhi ya leo. Nakala yake labda iko mezani sasa hivi, imetandazwa, chaki imepita juu yake, na fundi aliyeona yale aliyoyaona kwenye kioo cha kinyozi hatashindwa kuona neno “wifi” lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa. Vaa viatu. Mfikie kabla ya mkasi.