Rufaa ya Bi Mannubia Kuhusu Karai Lake la Shaba

CHAMA CHA WENYE KISUKARI, KAIRUANI
Kikao cha kamati, Jumamosi 30 Agosti 2025, uani kwa Katibu, baada ya Alasiri

Waliohudhuria: Mzee Hattab Gharsalli (Mwenyekiti), Bi Mannubia Hafsi (Mjumbe), Dalila Ayari (Katibu).
Waalikwa: Muuguzi Olfa wa zahanati, na Rim, mke wa mtoto wa Bi Mannubia.
Asiyehudhuria: Bi Saluha, mguu umevimba. Mtu apite kumwona jamani, anaishi peke yake.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua, akakataza mtu kusema bila kunyoosha mkono. Bi Mannubia alinyoosha mkono papo hapo. Aliambiwa asubiri.

KUMB. NA. 2: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Ilikumbushwa kwamba kipimo cha sukari cha miezi mitatu cha Bi Mannubia kilikuwa juu. Katika kikao hicho Mwenyekiti aliamua kwamba mama huyu hulamba asali anapokaanga makrudi, vile vileja vya ngano vinavyojazwa tende na kuchovywa asali, hivyo karai lake lichukuliwe na Rim mpaka sukari ishuke.

Bi Mannubia alikata rufaa, akasema hajalamba hata kidole. Makrudi za Maulidi za mtaa huu huzikaanga yeye tangu alipoolewa, na Maulidi ni wiki ijayo. "Makrudi za Rim ukimtupia paka, anahama mtaa."

Rim alijibu, "Mama, za kwako zinalainika kwa mate."

Mwenyekiti alitaka neno hilo lifutwe. Katibu amelifuta, ila limeandikwa hapa ili ijulikane lililofutwa. Katibu aliomba watu wapoe, maana presha nazo tunazo.

Bi Mannubia aliuliza karai liko wapi. Rim alisema amelowekea humo sufi ya zulia. Kikao kilisimama kwa muda, Bi Mannubia akapewa maji.

KUMB. NA. 3: MAJIBU YA DAMU
Muuguzi Olfa alieleza kwamba alishangaa, kwa kuwa Bi Mannubia akijitoboa kidole asubuhi, sukari huwa nzuri. Daktari akaagiza damu ipimwe madini. Magnesiamu na zinki ziko sawa, lakini madini ya chuma yameshuka sana. Alisema damu yenye upungufu wa chuma inaweza kukifanya kile kipimo cha miezi mitatu kisome juu kuliko hali ilivyo, maana chembe zake hukaa muda mrefu zikiokota sukari. Katibu alielewa kama shuka lisilofuliwa: kadiri linavyokaa ndivyo linavyochukua vumbi.

Bi Mannubia alisema, "Haya, Hattab. Nani amelamba?"

Mwenyekiti aliuliza hicho chuma kimekwenda wapi. Muuguzi alisema daktari bado anatafuta sababu, ila chai inashukiwa: ile nyekundu iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, inayonywewa juu ya dengu na mchicha. Inazuia chuma kisiingie mwilini. Inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula.

Wote waliangalia birika la Katibu, lililokuwa limeshawekwa kando ya sahani za dengu. Katibu aliona haya, akaliondoa.

KUMB. NA. 4: MENGINEYO
Mwenyekiti alipendekeza wanachama wote wanunue vidonge vya chuma. Yeye anameza vya sokoni kila siku, vinatia nguvu za kiume. Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba chuma chake, kwa majibu aliyokubali yasomwe hapa, kimezidi mno, na kikizidi nacho kinaweza kuharibu sukari. Aache leo, amwone daktari.

Mwenyekiti alisema hoja hiyo haikuwa kwenye ajenda.

Bi Mannubia hakucheka. Alimwambia, "Acha hivyo vidonge, kaka. Usitufie kwa ushujaa." Mwenyekiti aliahidi kuacha.

KUMB. NA. 5: UAMUZI
Iliamuliwa kwamba Bi Mannubia hana kosa, akaange makrudi za Maulidi, na Rim asimame kando yake ajifunze. Rim alikubali, akasema atakuja na meno ya akiba. Rim alieleza kuwa karai likijaa sufi iliyolowa halibebeki na mwanamke mmoja. Bi Mannubia alipendekeza lirudishwe na yule mwenye chuma kingi. Wote waliafiki isipokuwa mmoja.

KUMB. NA. 6: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Dengu zililiwa. Hakuna aliyeondoka, wote walikaa kungoja saa ya chai ifike, isipokuwa Mwenyekiti, ambaye sahihi yake imechelewa kwa kuwa mikono yote miwili imeshika karai.

Mwenyekiti: H. Gharsalli (alitia sahihi aliporudi, akihema)
Katibu: Dalila Ayari